Maneno Yasiyo na Ukoo

Jirani yangu Niyibizi hatulii. Tangu vita vilipomfukuza kutoka Kalengera, ambako alikuwa akifundisha Kilatini shule ya sekondari, anazunguka ua wetu hapa Mabanga kutwa nzima, akipiga teke mawe ya volkano na kunung'unika. Kinachomtafuna sote tunakijua: anataka kazi tena. Bila darasa anajiona amezikwa hai.

Hospitali moja ilipotangaza kwamba inatafuta mkalimani wa Kiingereza, alichachamaa. Kiingereza hakuwahi kufundishwa, ila alijitungia njia: anashika mzizi wa Kilatini, anavuta wanawe. Kutoka *aqua*, maji, akapata "aquatic". Kutoka *nox*, usiku, "nocturnal". Kutoka *manus*, yaani mkono, akavuna "manual", "manuscript" na "manufacture". Maneno mafupi yasiyo na ukoo Roma aliyadharau.

"Papa Ange, ikala basi, kizunguzungu inanishika!" mkewe Charline alimwambia, akimsogezea kiti.

"Niikale namna gani? Kesho ni examen!"

Nilimcheka, lakini moyoni nilimwombea apate.

Alinisimulia mwenyewe yaliyofuata. Kesho yake hospitalini, daktari mgeni alimkalisha mbele ya mgonjwa, mama mzee wa Kibumba, amtafsirie.

"Papa, mukono inaniuma," mama alisema.

Niyibizi akafungua kinywa. Manual? Manuscript? Ukoo mzima wa *manus* alikuwa nao kichwani, ila mkono wenyewe haukuwemo.

"Manual... dolorous," alisema mwishowe.

Daktari akakunja uso. Mama akachoka kungoja, akauinua mkono wake uliovimba.

"Ah, your hand!" daktari akasema. Kisha akamgeukia Niyibizi, kwa upole: "Thank you." Akamwita mwombaji mwingine wa kazi aliyekuwa akingoja mlangoni.

Niyibizi alifika nyumbani anahema.

"Wamesema nini?" Charline akauliza.

"Wamesema asante."

Hakuketi. Alimshika mkono binti yake Ange, akaanza kuzunguka naye uani. "Hand," anasema. "Hand. Hand." Kila mzunguko mwendo unaongezeka, na vidole vyake vinakaza bila mwenyewe kujua. Niliumia kumtazama.

Mtoto akaangua kilio.

"Papa, niachilie! Mukono inaniuma!"

Niyibizi akasimama. Tangu aje Mabanga, sikuwahi kumwona amesimama.