Gari Jekundu na Gari la Babu, Mpaka Kibakwe

Tulisafiri kwa sababu baba alikuwa ameamua kuliuza gari alilorithi kwa babu, na alitaka bibi alione kwa mara ya mwisho. Aliyemshawishi baba kuuza ni baba mdogo, aliyekuja kutoka Dar na gari jipya jekundu la milango miwili. Alisema siku hizi magari yanamiminika bandarini, ya nini kung'ang'ania chuma cha kuwashwa kwa hendeli? Mimi sikutaka liuzwe, ila mbele ya wakubwa sifungui mdomo.

Asubuhi, Dodoma. Baba alizungusha hendeli mpaka shati likalowa. Baba mdogo aligeuza ufunguo tu, akaniambia nipande kwake. Nasema kweli, nililipenda. Kiti kilinikumbatia, kiyoyozi kikanipa baridi, na kabla ya Mpwapwa hata vumbi la baba halikuonekana nyuma.

Baada ya Gulwe mawe yalianza kukwaruza tumbo la gari, tukaenda taratibu. Hata hivyo tukatangulia.

Kibakwe, mchana. Milango yote ilikuwa imefungwa. Moto unafuka kwa bibi, kuku wanazurura, mtu hakuna. Baba mdogo alipiga honi, akapiga tena, akasema huenda wako shamba. Tukabaki ndani ya gari, vioo juu.

Ndipo bondeni nikasikia kikohozi ninachokijua tangu nikiwa mdogo. Mlango wa bibi ukafunguka. Ukafuata wa jirani. Watoto wakateremka mbio kulipokea gari la baba, nami nikashuka kifua mbele.

Bibi aliitikia shikamoo zetu huku akicheka. "Kumbe ni wewe? Tulijua ni watu wa kodi. Gari linakuja kimyakimya, halafu mtu anapiga honi bila kushuka!"

"Mama, mimi nimezaliwa nyumba hii."

"Wewe ndiyo. Gari lako je?"

Baba mdogo naye akacheka. Jioni, wakati wa kula, baba alianza kumweleza bibi habari za mnunuzi. Nikasikia sauti yangu: "Baba, tusiliuze."

Wote walinigeukia. "Kumbe unaongea," baba akasema, akaendelea kula. Habari za mnunuzi hakuzimalizia.

Kurudi nilipanda kwa baba, mlango umefungwa kwa mpira, vumbi mpaka kwenye meno. Dodoma, mnunuzi alimkuta baba analiosha gari, akaambiwa haliuzwi.

Nilichojifunza ni hiki: gari la baba mdogo ni zuri zaidi, silionei wivu. Ila la kwetu likikohoa tu bondeni, bibi anainjika maji ya ugali.