Mwaka Msasa Alipolainika

Fundi huyu wa mageti walimwita Msasa, na jina hilo hakulipata kwa sababu ya kazi. Ulimi wake ndio uliokuwa ukikwaruza. Mteja akiuliza geti lake litakuwa tayari lini, anajibiwa, "Kwani mwizi wako kakuahidi anakuja lini?" Nyumbani ndiyo usiseme. Chai ikiwa ya moto, kosa; ikipoa, matusi. Wanawe mapacha walipoota mbawa waliruka, wakawa wanampigia simu mama yao tu, tena wakijua baba yuko karakana. Naye Mama Pacha alikuwa amejifunza kumeza. Alimeza miaka nenda miaka rudi, mpaka watu wakadhani hana la kusema.

Kisha Msasa akalainika.

Haikuwa ghafla. Kwanza aliacha kugombana na chai. Halafu akawa mtu wa kutabasamu ovyo, kutwa nzima kakaa mlangoni pa karakana, mashine ya kuchomelea imezimwa. Geti la mteja, lile zuri la maua ya chuma, alimpa bure mpita njia aliyelisifu. Mama Pacha alishangaa, kisha akazoea, kisha, Mungu amsamehe, akafurahi. Mapacha wakaanza kuja kula mchana. Wakacheka na baba yao mezani, jambo ambalo nyumba ile haikuwahi kulisikia.

Aliyeshtuka ni wifi yake, dada mkubwa wa Msasa.

"Mdogo wangu anaumwa huyu."

"Ametulia tu, wifi. Watu huzeeka."

"Ametulia? Jana kakojolea ndoo ya rangi mbele ya wateja, anacheka! Ndiko kutulia huko?"

Hapo hata Mama Pacha alikubali, wakampeleka hospitali. Kichwa kikapigwa picha, na daktari wa upasuaji wa ubongo akawaonyesha duara jeupe nyuma ya paji la uso, kubwa kama chungwa. Ni uvimbe, alisema, umeota kwenye utando unaofunika ubongo. Si saratani. Umekua polepole kwa miaka, na sasa umeikandamiza sehemu ya mbele, ile inayomfanya mtu ajali mambo na ajizuie. Wakifungua fuvu wanaweza kuutoa. Ukiachwa, macho yatakwenda, kifafa kitakuja, na mwisho wake ni kaburi.

"Na akili zake?" wifi akauliza.

"Mara nyingi hurudi," daktari akasema, uso umemchangamka kama anayekabidhi zawadi. "Mnaweza kumpata yule yule mliyemjua."

Mama Pacha akalitazama lile chungwa. Lilikuwa limemrudishia wanawe. Mgonjwa mwenyewe hakuweza kuamua. Kila alichoulizwa alijibu "sawa kabisa," hata alipoulizwa kama yeye ni rubani. Kwa hiyo neno lilibaki kwa mke, na mke akasema, "Tupeni muda."

Muda ukazaa muda. Wifi akamfuata mpaka jikoni.

"Unangoja nini?"

"Kichwa si sufuria, wifi, kwamba unafunua unachungulia unafunika."

"Acha hizo, nakujua! Unampenda akiwa zezeta."

"Nampenda akiniambia ahsante. Mdomo ule mliulea nyinyi, mkanikabidhi mimi niumeze."

"Basi wewe ni muuaji."

"Na wewe ni shangazi ambaye watoto wakisikia sauti yake wanajifanya wamelala."

Msasa alikuwa katikati yao akimenya ndizi. Akaikata vipande viwili, akampa kila mmoja chake, akatabasamu.

Asubuhi moja alijimiminia chai. Aliimimina mezani, kando ya kikombe, akaendelea kumimina huku akitabasamu. Kikombe hakukiona. Mama Pacha alisimama na kitambaa mkononi, chai inachuruzika mpaka sakafuni. Mengi alikuwa amemeza maishani, lakini amani ya kununuliwa kwa macho ya mtu, hiyo ilimkwama kooni. Siku hiyo hiyo akaenda kumwambia daktari, "Mfungueni."

Siku ya upasuaji walikaa kwenye benchi la ukumbini, Mama Pacha ncha hii, wifi ncha ile. Daktari akatoka, kofia ya upasuaji imemwachia alama kwenye paji. "Umetoka wote," akasema.

Siku chache baadaye, wodini, Msasa alifumbua macho, kichwa kimefungwa bandeji. Akamtazama mkewe kuanzia juu hadi chini.

"Nani kakutuma uje na gauni hilo? Kama pazia la hoteli iliyofilisika."

"Amerudi!" wifi akapiga kelele, machozi yakimtoka. "Mdogo wangu amerudi!"

Mama Pacha akahisi koo lake likijiandaa kumeza.

"Na geti langu la maua liko wapi?"

"Ulimpa mtu bure."

"Nilimpa—!" Mishipa ikamsimama shingoni.

Nesi akaja mbio. "Baba, hapana! Kidonda cha ndani bado kibichi. Ni marufuku kupaza sauti au kujikamua. Unanong'ona tu, mpaka daktari aseme."

"Mpaka lini?" Mama Pacha akauliza.

"Wiki kadhaa, mama."

Mama Pacha akageuka. "Wifi," akasema, "nenda nje ukapunge upepo." Wifi alipotoka, akavuta kiti mpaka kwenye kitanda, akakaa vizuri.

"Jumamosi wanao wanakuja," akasema kwa sauti ya chini, taratibu. "Utawasalimia kama watu, maana ukishindwa, safari hii sitameza, nitawaambia yote uliyonifanyia. Lakini kwanza sisi wawili. Tuanze siku ya harusi, pale ulipomwambia mama yangu kuwa umeniokota."

Akaanza. Hakuruka kitu. Msasa alikamata shuka kwa ngumi mbili, akafungua mdomo, akamwona nesi mlangoni, akaufunga.

Jua lilipohamia dirisha la pili, akanong'ona, "Umemaliza?"

"Hata mwaka wa pili sijafika," Mama Pacha akasema, akamwekea mto vizuri chini ya kichwa.