Benki kwa Simu ya Mulika Mwizi

Nilipaswa kusema hapana. Nilikuwa nimeketi mbele ya meza ya benki kwenye Jogoo Road, mwanangu upande wa kulia, mke wangu upande wa kushoto, na mhudumu ameshika kalamu juu ya fomu akingoja nitaje namba ya simu. Benki ilikuwa imetutangazia wastaafu kwamba pensheni zetu sasa tutazisimamia kwa mtandao tu, si dirishani tena. Mimi nilikuwa na simu ya mulika mwizi, ile ya vitufe yenye tochi kichwani. Mwanangu alikuwa likizoni kutoka Uarabuni, anakoendesha malori, na simu yake ilikuwa pana kama kitabu cha nyimbo za kanisani.

"Baba, weka namba yangu," alisema. "Mambo ya mtandao yatakusumbua bure. Ukitaka pesa unaniambia tu, nakutumia papo hapo."

Mke wangu aliinama akaninong'oneza, "Ufunguo wa nyumba yetu unampa mtu anayelala ng'ambo?"

Nilimsikia vizuri. Lakini nilimtazama kijana wangu na shati lake lililopigwa pasi, nikataka mhudumu aone kwamba nimezaa mtu. Nikataja namba yake. Kisha nikatia sahihi yangu ya karani wa stoo ya reli, ile yenye mkia mrefu.

Niseme mapema kwamba sikuibiwa hata shilingi. Watu hupenda hadithi za namna hii ziishie kwa mtoto mwizi. Mwanangu si mwizi. Kwa miaka mitatu nilikuwa nambipu, naye akipata nafasi ananipigia, anaingia kwenye akaunti yangu, ananitumia nilichotaka. Aliuliza swali moja tu, kila mara, kwa adabu: "Za nini, Baba?"

Nilifanya kazi stoo ya reli miaka thelathini na moja. Hakuna mtu aliyetoka na taa au boliti kwenye dirisha langu kabla hajaandika ni ya nini. Sasa nilikuwa nimesimama upande wa pili wa dirisha, nikimweleza mtoto niliyemfunza kufunga viatu kwamba nataka kununua dawa ya presha na mfuko wa unga.

Ndipo ikaja ile Ijumaa. Mke wangu alipigiwa simu kutoka kwao Butere saa mbili asubuhi. Dada yake mkubwa, aliyemlea mama yao alipofariki, alikuwa amelazwa hospitalini na hali ilikuwa mbaya. "Anakutaja wewe tu," waliomuuguza walisema. Mke wangu alifunga kiduka chake cha vitenge, akateremsha kikapu kutoka juu ya kabati na kuanza kupanga nguo. Nikambipu mwanangu. Nikabipu tena. Nikapiga kabisa, salio likaliwa na sauti ya mwanamke akisema kwa Kiarabu kitu ambacho sikuhitaji kutafsiriwa. Alikuwa safarini jangwani na simu yake ilikuwa imezimwa.

"Pesa za duka hazitoshi. Tukope nauli kwa jirani," mke wangu alisema.

Jirani huyo ndiye niliyemtambia pale langoni, zaidi ya mara moja, kwamba mimi benki yangu inaendeshwa kutoka Uarabuni. Nikaona aibu. "Tungoje," nikasema. "Atapiga tu."

Alipiga Jumamosi jioni. Tuliondoka nyumbani Umoja Jumapili alfajiri. Dada mtu alikuwa amefariki Jumamosi kabla ya saa sita, na tulipofika kwao vijana walikuwa wakisimamisha hema.

Kwenye mazishi, familia ilipogawana majukumu, mke wangu alisimama mbele ya watu. "Jiwe la kaburi nitaleta mimi," alisema. "Siku ya kumbukumbu, mwakani, mtaliona." Watu wakapiga makofi. Kwao neno kama hilo likisemwa penye kaburi, lazima litimizwe.

Tuliporudi nyumbani nilimwambia, "Jiwe nitalipia mimi."

"Kwa simu ya nani?" aliuliza. Hakuwa amekasirika. Aliuliza kama mtu anavyouliza saa ngapi.

Nikaamua kwamba jiwe lile litalipwa kwa mkono wangu mwenyewe au nisijiite mume wa mtu. Simu ya kupangusa sikutaka. Macho yangu hayaipendi, na vidole vyangu vinagusa vitu vitatu vikitaka kimoja. Nilitaka akaunti yangu na simu yangu ileile. Lakini ahadi huwa rahisi mwaka ukiwa mrefu. Niliahirisha hadi ikabaki miezi miwili kumbukumbu ifike.

Benki nilimkuta mhudumu mwingine, kijana wa tai nyembamba. Niliweka kitambulisho na mulika mwizi juu ya meza.

"Mzee, hiyo kabambe haiingii mtandao," alisema. "Mlete tu mtoto wako mwenye simu nzuri."

Nikaomba fomu. Fomu ndiyo kitu ninachojua kusoma duniani. Nikaipitia hadi chini, kisha nikaweka kidole. "Hapa pameandikwa namba ya simu ya mkononi. Hii yangu si ya mkononi?"

Alicheka. Mama mhudumu wa meza ya pili hakucheka. "Mpe mzee haki yake," alimwambia. "Msimbo wa kuthibitisha unatumwa kwa ujumbe mfupi, na ujumbe unaingia simu yoyote. Mtandao atautafuta kwenye kompyuta."

Namba ya mwanangu ikafutwa, yangu ikaandikwa. Usiku ule mwanangu alipiga kabla sijambipu.

"Baba, benki wameniandikia. Nimekosa nini?"

"Hukukosa. Nilikosa mimi siku ile."

"Na sasa utafanyaje na hiyo mulika mwizi?"

"Nitaimulika benki."

Akacheka kicheko cha utotoni. "Haya, mzee. Ukikwama niite."

Baada ya siku chache benki ilinipa bahasha iliyofungwa, ndani yake paswadi ya kuanzia. Nikaipeleka Makadara, kwenye saiba, duka la kompyuta za kukodi, lililo hatua chache kutoka mahakamani. Mwenyewe ni mama wa Pumwani, mtu wa Majengo, wa umri wa kupata wajukuu, mwenye buibui na miwani ya kamba. Kazi yake kubwa ni kuwapigia chapa watu wenye kesi hati zao za viapo. Nilimweleza shida yangu, naye akanipa masharti kabla ya kiti.

"Baba, la kwanza, paswadi yako hunitajii. Ukiiandika mimi nageukia ukuta. La pili, ukimaliza unatoka kwenye akaunti nikikuona. Mashine hii wanaikalia watu wenye kesi."

Kipanya kilinishinda siku nzima ya kwanza. Kile kishale kilikimbilia pembe ya kioo na kubaki huko. Lakini vitufe havikunitisha. Reli walinifunza taipureta, vidole kumi, bila kutazama chini, na niliposhika baobonye, ule ubao wa vitufe, mama aligeuka kutoka ukutani kwa mshangao, kisha akakumbuka sharti lake akageuka tena.

Nikaandika paswadi. Ikakataa. Nikaandika polepole. Ikakataa. Mara ya tatu akaunti ikafungwa.

Nikarudi benki, nikajaza fomu, nikangoja, nikapewa bahasha ya pili. Makadara tena. Mama akageukia ukuta. Ikakataa mara tatu, ikafungwa.

"Labda benki wanakosea," mama alisema, ingawa sauti yake haikuamini.

Wakati huo fundi wa mawe ya makaburi alinipigia. Yeye huchonga kando ya barabara, na alitaka alipwe yote benki kabla ya kugusa patasi. "Mzee, jiwe lako nimelitenga, lakini kuna mteja mwingine amelipenda. Mwisho wangu ni Ijumaa hii. Baada ya hapo hata kuchonga sitawahi siku yenu."

Ijumaa tena. Mke wangu alikuwa akipima kitambaa pale dukani. Alisikia, akapima upya kitambaa kilekile.

Bahasha ya tatu niliipata Alhamisi mchana. Ijumaa asubuhi nilikuwa mlangoni pa saiba kabla haijafunguliwa, lakini wenye kesi walikuwa wamenitangulia, watano, kila mmoja anataka hati kabla mahakama haijaketi.

"Baba, utaningoja," mama alisema. "Hawa wakichelewa wanahukumiwa bila kusikilizwa."

Nikamwambia anipe mmoja nimpigie chapa. Alinitazama, akanipa mwanamke mnene aliyekuwa akigombania kibanda chake cha sokoni. Mwanamke alisoma kutoka kwenye karatasi, mimi nikapiga. Sikuwa nimefanya hivyo kwa miaka mingi na mwili wangu ulifurahi wenyewe. Yule mwanamke alikatiza maelezo yake akasema, "Ee, huyu mzee ni bunduki!"

Karatasi ikatoka kwenye mashine. Mama aliipitia kwa jicho la kazi, akafika kwenye tarehe, akasimama. Akaisogeza karibu na dirisha.

"Baba, huu mwaka umeandikaje? Hizi moja hazina pua."

"Moja ni moja."

"Moja unaigonga wapi?"

Nikamwonyesha. Kidole cha pete, mkono wa kulia.

Alivua miwani. Alicheka hadi akashika meza. "Wallahi, baba! Hiyo ni herufi! Hiyo ni eli, ya limau! Mashine za zamani hazikuwa na kitufe cha moja. Hata mimi nilifunzwa hivyo hivyo, na ilinichukua mwezi mzima kuacha. Paswadi yako ina moja ndani?"

Zilikuwamo moja mbili, na paswadi za bahasha zilizotangulia nazo hazikukosa moja.

Kwenye taipureta ya stoo namba zilianzia mbili. Ukitaka moja, unapiga eli ndogo, na kwenye karatasi hakuna aliyejua tofauti. Kila nilipotoa boliti kumi na moja reli niliziandika hivyo. Kidole changu hakikuniuliza miaka ile, na hakikuniuliza pale saiba. Mashine ilionyesha vidoti tu, na mama, kwa uaminifu wake, alikuwa akitazama ukuta.

Nikasahihisha ile hati, mwanamke wa kibanda akaweka sahihi, lakini hakuondoka. Wala wengine, ambao mama alikuwa ameshawachapia kwenye mashine ya pili. Mama akageukia ukuta. Nikaandika paswadi kwa kidole kimoja, na moja nikaitafuta juu, mstari wa namba, ilipokaa mwanzo kabisa ikiningoja.

Kioo kikafunguka. Jina langu kamili, kwa herufi kubwa. Nilikaa nikalisoma. Miaka minne sikuwa nimeliona likiwa juu ya fedha zangu mwenyewe.

Mashine ilinitaka nichague paswadi mpya. Nikaichagua, na sitaitaja. Kisha nikaandika namba ya akaunti ya fundi, nikaikagua tarakimu kwa tarakimu kama tulivyokagua mizigo ya reli, nikaandika kiasi, nikabonyeza. Maneno yakatokea: msimbo umetumwa kwa simu yako.

Simu yangu. Ndani ya mfuko wa shati, mulika mwizi ikalia ti-ti, ti-ti. Nikaitoa. Tarakimu sita, na chini yake onyo kwamba nisimpe mtu yeyote. Nikaziandika. Kile kiduara kikazunguka, kikazunguka, na watu sita nyuma yangu wakashika pumzi kwa jambo lisilowahusu.

Malipo yamekamilika.

"Leo Makadara," akasema mwanamke wa kibanda, "kuna mtu ameshinda kesi kabla hakimu hajanywa chai!"

Wakacheka wote. Mwanamume mmoja mwenye faili chini ya kwapa akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Nilitaka kusimama, mama akanibonyeza bega nikakaa.

"Toka kwenye akaunti kwanza," alisema, "ndipo usherehekee."

Nikatoka. Akanichapia risiti na akakataa malipo yake, akisema hati niliyopiga imelipa. Nilirudi Umoja kwa miguu. Magoti yalilalamika nami sikuyasikiliza. Njiani fundi akapiga: "Imeingia, mzee. Naanza kuchonga."

Sasa ni mwaka wa pili. Kila mwisho wa mwezi nakwenda Makadara na mulika mwizi mfukoni, nalipa maji na stima, na hakuna anayeniuliza ni za nini. Wastaafu watatu wa mtaa wetu wamenifuata, wawili wa reli na mmoja wa baraza la jiji, wote wana simu za vitufe. Kila mmoja, kabla hajaketi kwenye kiti, namuuliza kwanza, "Moja unaigonga wapi?" Wawili walikosea. Yule jirani niliyemtambia nilimweleza habari yote, pamoja na ile Ijumaa na aibu yangu. Alisikitika, akasema nauli angenipa.

Siku ya kumbukumbu jiwe lilisimikwa. Mke wangu aliweka kiganja juu ya jina la dada yake, akakiacha hapo muda mrefu. Shemeji zangu walinishukuru kwa heshima. Naye alinishukuru, mbele yao.

Mwezi uliopita nilimwona mke wangu amevaa miwani mipya. Nikamuuliza ameipata wapi. Alisema ameinunua kwa pesa za chama chake cha akina mama.

"Ungeniambia," nikasema. "Pesa ziko, na sasa natoa mwenyewe."

"Najua," alisema. "Nimezoea tu."

Akaendelea kushona pindo la kitenge.

Namba ile niliyoitaja mbele ya mhudumu ilimnyima mke wangu kuuona uso wa dada yake akiwa hai. Mimi ilinigharimu hivi: akaunti nimeirudisha mikononi mwangu, na tangu Ijumaa ile niliposema tungoje, mke wangu hajaniomba kitu chochote.