Kisumaku na Sufuria ya Samaki

Kwetu Msambweni sufuria ya samaki haipikiwi chai. Tangu shule ya upili nilikuwa nikimuuliza mama ushahidi wa jambo hilo uko wapi, naye hunijibu kwamba ushahidi ni ulimi wake. Nilipokuja likizo ya wiki moja, nilikuta sufuria ya chai ina maziwa, nikachukua ya samaki. Niliisugua kwa jivu na kumbi la nazi, nikaisuza mara tatu kama tunavyosuza vyombo maabarani. Mama alionja, akakiweka kikombe chini.

"Chai hii umeipikia sufuria gani, mwanangu?"

Nikamwambia nimeisugua vizuri.

"Hata ungeisugua ikatoboka. Ungeniuliza, daktari."

Huniita daktari ninapokosea tu. Udaktari wangu ni wa kemia, hata mafua sijui kuyatibu. Nilicheka, kisha nikakumbuka vyombo vya maabara yangu, kicheko kikanikatika.

Nairobi, tangu nimalize shahada hiyo, nimekuwa nikitafuta kichocheo cha chuma: kitu kidogo kinachoharakisha mmenyuko wa kemikali bila chenyewe kwisha. Viwanda vya dawa hutumia paladi, metali adimu ambayo kuipata ni kuchimbua milima. Chuma kimejaa kila mahali. Wekundu wa udongo wetu ni chuma. Kichocheo changu kilikuwa kimefanya kazi. Makala yake ilikuwa ipelekwe kwenye jarida Jumatatu, na bila hiyo mkataba wangu haungeongezwa.

Nilikuwa nimetilia shaka kila kitu, mizani, vimiminika, hata usafi wa mikono ya mwenzangu wa maabara. Kila kitu isipokuwa kisumaku cha kukorogea, kile kijiti cheupe kinachozunguka ndani ya chupa. Vyetu ni vichache, tunaviosha na kuvitumia tena, na changu kilikuwa kimekorogea paladi kabla hakijafika kwangu. Chembe zilizonasa kwenye ganda lake zingeweza kuifanya kazi yote, nami nikakisifu chuma bure.

Nilimpigia mwenzangu nikamwomba arudie jaribio kwa kisumaku kipya na chupa mpya. Alinung'unika kwamba ni Ijumaa, kwamba mimi nimelala ufukweni huku yeye anatumwa. Akakubali. Siku mbili sikula vizuri, na mama aliacha kunitania, jambo lililonitisha zaidi.

Jumapili asubuhi simu ililia nikiwa nakuna nazi.

"Chuma yako iko sawa, buda," alisema mwenzangu. "Kwa sumaku mpya kazi inachelewa kidogo, lakini inafika."

Maana yake paladi ilikuwa imesaidia, ila kidogo. Tungeandika hivyo hivyo kwenye makala. Niliinuka kwenye mbuzi ya kukunia, nazi mkononi, nikaenda kumwambia mama.

Mama alisikiliza habari yote, kisha akauliza kilichomhusu. Ile chai ilikuwa inanuka au hainuki?

"Ilinuka kidogo, mama."

"Kidogo," alisema, akateleka chai nyingine, kwenye sufuria yake ya chai.