Kartoni ya Pinga

Mpaka leo nikiikumbuka ile kartoni, damu inanichemka.

Nilikuwa mwaka wa mwisho, nasomea huduma za jamii, na kazi yangu ya kumaliza masomo ilihusu wajane wa vita huko Masisi. Nilishaongea na wanane, katika vijiji vya Kingi na Bihambwe, daftari limejaa. Profesa aliyenisimamia alitazama orodha ya vitabu mwishoni, akanirudishia kazi.

"Nani alikufundisha kuuliza wajane? Sioni hata kitabu moja ya méthode. Bila ile, hautatetea hii kazi."

Alikuwa na haki. Lakini kitabu hicho cha mbinu za utafiti ningekipata wapi? Maktaba yetu ni rafu mbili, na moja imejaa vijitabu vya mbegu za viazi. Mwenzangu mmoja wa darasa akaniambia miongozo ya utafiti wa huduma za jamii iko Pinga, kwenye kituo cha akina mama, ilitolewa na wafadhili. Nikapanda pikipiki. Siku mbili za matope, tukishuka kila mara kuisukuma.

Kweli ilikuwepo. Ilikuwa ndani ya kartoni moja juu ya meza, imefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma, skochi ya kuifunga haijaguswa. Mlinzi wa kituo, mzee mpole, aliipangusa vumbi mbele yangu.

"Haiwezi funguliwa, dada. Bado hatujafanya remise officielle. Wageni njo watakuja kutukabizi, tupigwe foto. Tukifungua kabla, watasema tuliiba."

"Papa, iko hapa tangu lini?"

"Mwaka ya juzi. Barabara iko mubaya, hawajafika."

Niliwakasirikia wageni wanaotaka picha kuliko wasomaji, na huyu Papa anayeogopa kuitwa mwizi hata watu wabaki gizani. Kwetu tunatunza zawadi mpaka haifai kitu, halafu tunaita hiyo heshima! Nikachomoa funguo zangu, nikachana skochi. Alilalamika kwamba nimemtia matatani, na labda ni kweli. Sikumwomba msamaha.

Nilisoma mwongozo mmoja nikiwa nimesimama. Sura ya tatu ilihusu kuongea na aliyefiwa: kwanza muulize, akiwa peke yake, nani anaruhusiwa kusikia. Usianze kamwe mbele ya watoto.

Nikakaa chini sakafuni. Ukurasa mmoja tu, na ulikuwa umefungiwa miaka miwili.

Nikakumbuka kule Bihambwe: nilikaribishwa kiti, nikafungua daftari, nikamuuliza mama wa nyumba mumewe aliuawa siku gani. Binti yake, wa miaka kama saba, alikuwa kando yetu akimenya viazi. Mama alimtupia mtoto jicho, nami nikaandika: hakujibu. Mtoto ndiye aliyejibu.

"Papa hakukufa. Iko Walikale, anatafuta kazi. Si ni vile ulisema, Mama?"