Mchumba Wangu Anajua Gemu Linaishaje

Admin, jina langu nifichie, na la shule pia, maana Kibondo ni ndogo na wanafunzi wangu wamo humu. Mimi ni mwanamke wa miaka 27, kwetu Tanga, nimepangiwa kufundisha sekondari huku Kitahana, mwaka wa pili sasa. Sijaolewa, sina mtoto. Najua wapo watakaocheka kwa sababu kisa changu kinaanzia kwenye gemu la kompyuta. Chekeni, ila msome hadi chini.

Nilikuja huku na laptop niliyopewa na kaka yangu, ndani ina gemu la mapanga, wachawi na mazimwi. Dunia ya gemu hilo iko wazi. Ukitoka mlangoni unakwenda unakotaka, mlimani, pangoni, sokoni kuuza ngozi. Kuna mfalme anasubiri nikamwokoe tangu siku ya kwanza, na sijamfikia hata leo. Nimejijengea kibanda kando ya mto, nachuma majani ya dawa, nikichoka nahama. Shuleni naendeshwa na kengele, mtaani naendeshwa na macho ya watu. Mle ndani hakuna anayeniuliza mwalimu unaelekea wapi.

Mwaka jana kwenye semina hapa Kibondo nikakaa meza moja na bwana shamba mmoja, Muha wa Kasulu, kituo chake Kagerankanda. Mpole, ila mbishi balaa. Akaniona nacheza wakati wa mapumziko, akavuta kiti. Kumbe naye ni wale wale, ila yeye anapenda magemu ya hadithi, yale yanayokushika mkono kutoka mwanzo mpaka mwisho.

"Hilo lako si gemu, ni kuzurura," akaniambia. "Mfalme wa watu anakufa, wewe unachuma majani."

"Na lako ni kuswagwa kama mbuzi wa mnadani," nikamjibu. "Milango yote imefungwa isipokuwa ule waliokupangia."

"Imefungwa kwa sababu nyuma ya huo mmoja kuna mtu anakuhitaji. Ukiwa huru kwenda popote, mwalimu, hakuna unakofika."

Maneno hayo nilirudi nayo nyumbani. Hata kibanda changu cha kando ya mto nikaanza kukiona kitupu.

Basi akaniletea gemu lake kwenye flash, tukapeana sharti: tunacheza wote Jumamosi mchana, na hakuna kutangulia peke yako. Kila Jumamosi anakuja na pikipiki, kope zimejaa vumbi jekundu, nyuma amefunga kiroba cha maharage au mkungu wa ndizi. Mle kwenye gemu tunatembea na binti wa mhunzi anayeambiwa mama yake alishakufa. Nakiri hadithi ilinishika. Kuna sehemu nililia, na yeye akashtuka na mimi, akanishika bega. Nikampenda humo humo.

Jumamosi iliyopita askari ninayemchezesha kaumia, nikataka kumpa chupa ya mwisho ya dawa. Bwana shamba akasema haraka, "Usiitumie hiyo, tutaihitaji kwa mama wa binti."

Mama yake yupi, na tumeambiwa kafa? Nikaiachia mausi, nikamwangalia. Akainama. Kumbe gemu alishalimaliza kabla hata hatujafahamiana. Nikamuuliza, mbona miezi yote hii ulikuwa unashtuka?

"Nilitaka usishtuke peke yako," akasema.

Semeni nyie, mtu kama huyo unamgombezaje? Nikanuna kidogo, nikapika, tukala, yakaisha.

Jumanne mama akanipigia simu kutoka Tanga. "Mwanangu, mbona hukutudokeza? Wageni wa Kasulu wamefika, wameleta posa. Watu wa heshima. Baba yako kawaambia jibu tutalitoa tukishakusikia wewe. Jumapili nipigie."

Nilikuwa nimesimama uani na chaki mkononi. Nikampigia bwana shamba hapo hapo.

"Kwetu mwanaume asiye na mzaha anaanzia kwa wazazi," akanieleza. "Ningekuuliza wewe kwanza, babu yangu angesema nakuchezea. Na nimeshaulizia uhamisho wako, shule ya karibu na Kabanga, kule kwetu Kasulu, wanahitaji mwalimu."

"Na nikikataa?"

"Hilo sikuliwaza. Nilijua utakubali."

Hapo ndipo panaponiuma. Angeniuliza, ningekubali kabla hajamaliza sentensi. Nampenda. Lakini sasa kila nikikumbuka zile Jumamosi namsikia akiniambia jaribu mlango wa kushoto, mwalimu, nami najiona mjanja kwa kuupata. Je, maisha yangu yote nitakuwa naupata mlango ambao yeye ameshaupita?

Tangu Jumanne situlii. Nasahihisha daftari mbili nanyanyuka. Naenda sokoni, narudi mikono mitupu, mama mwenye nyumba ananiuliza kama naumwa. Jana nikafungua gemu langu la zamani, nikatembea mpaka ukingo wa dunia yenyewe, pale ambapo hakuna tena pa kwenda. Nikakuta maporomoko mazuri ajabu. Nikageuka kumwonyesha mtu, chumba kizima niko peke yangu.

Keshokutwa Jumamosi anakuja. Imebaki sehemu ya mwisho, na anasema hapo kuna njia mbili kweli kweli, nichague mwenyewe, yeye hatafungua mdomo. Jumapili mama anasubiri simu yangu.

Ndugu zangu, nishaurini bila kunitukana. Nimwambie mama ndiyo, au nimwambie huyu kijana awarudishe wazee wake, wakasirike wakitaka kukasirika, halafu aje aniulize upya kama mtu asiyejua nitajibu nini? Na kama kuna humu aliyelitambua hilo gemu na amelimaliza, nakuomba sana, usiniambie linaishaje.