Mkufunzi wa Sayansi na Vidonge vya Mama Yake

Mkufunzi wa sayansi katika chuo cha ualimu alikuwa na vidole vyeupe kwa chaki na sauti ya chini, kama ya mtu anayebembeleza mtoto alale. Mwanachuo akijibu kwamba mmea hula udongo, hakumwambia amekosea. Aliinamisha kichwa, akauliza, "Kwa nini unaona hivyo?" kisha akaliandika jibu katika daftari lake la dhana potofu, yaani yale mawazo ambayo mtu huja nayo darasani na ambayo hayang'oki kwa kukemewa. Miaka ishirini alifundisha hivyo, mtulivu kama maji ya mtungini.

Mama yake alipopatwa na shinikizo la damu, alihamia nyumbani kwa mkufunzi. Asubuhi moja akasema, "Mwanangu, vidonge hivi vinanikausha damu. Tena kichwa hakiniumi, nimeshapona." Mkufunzi alikuwa amechelewa, mkoba begani. "Mama, hujui kitu! Meza!" Mama akameza, na tangu siku hiyo hakulalamika tena. Miezi minne baadaye kiharusi kikamwangusha, asiinuke. Baada ya mazishi, dada yake mkufunzi alikung'uta foronya ya marehemu, vidonge vikamwagika sakafuni. Mkufunzi akapiga magoti, akaviokota kimoja kimoja. Jumatatu alirudi darasani. Mwanachuo mmoja akamwomba mfano wa dhana potofu. Akageukia ubao, akainua chaki, mkono ukabaki hewani. "Nendeni mkapumzike," akasema, bado amewapa mgongo, na kipindi kilikuwa hakijafika hata nusu.